Maji Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huifuata methali hii kwa sababu aijua hasara: deni lisiloandikwa halilipwi. Lakini iko mali moja iliyo kubwa kuliko bidhaa za maduka yote ya Kenya, nayo hupita mbele ya macho yetu mchana na usiku bila ya kuandikwa ipasavyo. Mali hiyo ni maji ya mito na maziwa yetu. Nakusudia kukuonyesha, kijana msomaji, kwamba taifa lisilopima maji yake halina sababu ya kushangaa yanapoligharikisha, wala halina nguvu ya kudai yanapogawanywa. Na kwamba kazi ya kuyapima, ambayo wengi huidharau, yastahili vijana wenye akili bora tulio nao.

Kazi hiyo ni ya elimu iitwayo haidrolojia, yaani elimu ya maji. Na mtaalamu ninayemsema hapa ni yule ashughulikaye na maji ya juu ya ardhi: ya mito, maziwa, mabwawa na mafuriko. Wenzake hutafuta maji yaliyofichwa chini ya miamba. Yeye hushughulika na yale ambayo kila mtu huyaona. Na kwa kuwa kila mtu huyaona, kila mtu hudhani kwamba anayajua. Hapo ndipo kosa lianzapo. Muulize mtu aliyezaliwa kando ya mto Nzoia ni maji kiasi gani yapitayo pale kwa sekunde moja. Atakuambia kwamba ni mengi, au kwamba yamepungua, au kwamba zamani yalikuwa mengi zaidi. Neno "mengi" si hesabu. Huwezi kujenga daraja juu ya neno "mengi", wala kugawa mfereji kwa neno "kidogo".

Hesabu hupatikana hivi. Ukingoni mwa mto husimikwa ubao wenye alama za meta na sentimeta, na mtu huja kila siku kutazama maji yamefika alama gani, akaandika. Lakini kimo cha maji si wingi wake. Kwa hiyo mara kwa mara wataalamu huingia mtoni, au husimama darajani, wakiwa na chombo chenye rafadha ndogo izungushwayo na maji. Huupima mto sehemu baada ya sehemu, toka ukingo hadi ukingo: upana, kina na mwendo. Upana wa kila sehemu ukizidishwa kwa kina chake, na tena kwa mwendo wa maji yake, kisha sehemu zote zikajumlishwa, hupatikana meta za ujazo zipitazo kwa sekunde. Kazi hiyo hurudiwa maji yakiwa machache na yakiwa mengi, mpaka uchorwe mstari uonyeshao kwamba kimo fulani ni maji kiasi fulani. Tangu siku hiyo ubao ule hueleza wingi wa maji kwa mtu ajuaye kuusoma. Lakini mafuriko yakija yakachimba mchanga wa chini, mstari huwa mwongo, na kazi yaanza upya.

Waona basi kwamba hii ni kazi ya subira na uaminifu. Siku iliyorukwa haipatikani tena, kwa maana mto haurudishi maji yake ili kumfaa mvivu. Na yule anayekaa nyumbani akaandika tarakimu za kubuni ameharibu zaidi kuliko yule asiyeandika kitu, kwa kuwa pengo huonekana lakini uongo hauonekani.

Ikiwa wadhani kwamba kazi kama hiyo haiwezi kumfikisha mtu mbali, tazama maisha ya Harold Edwin Hurst. Alizaliwa Uingereza mwaka 1880, karibu na mji wa Leicester, mtoto wa fundi mjenzi asiye na mali nyingi. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, naye alikuwa amejifunza kemia, na useremala pia. Akawa akifundisha mchana na kusoma masomo ya jioni, hata alipofika miaka 20 akapata nafasi ya kwenda Oxford, na huko akafaulu fizikia katika daraja la kwanza. Mwaka 1906 alikwenda Misri kwa kazi ya muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa miaka 62.

Kazi zake za mwanzo zilikuwa ndogo. Mojawapo ilikuwa kupeleka saa sahihi mpaka ngome ya Kairo, ambako mzinga ulipigwa kila siku saa sita za mchana. Kisha akaingia katika kazi ya Mto Naili, asitoke tena. Yeye na wenzake walipima Naili na mito iumwagikiayo. Alisafiri mara nyingi katika nchi za juu za mto huo, hata kwenye maziwa ya huku kwetu Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1931 walianza kuchapisha vitabu viitwavyo The Nile Basin, juzuu baada ya juzuu, vilivyojaa vimo vya maji, vipimo vya mvua na hesabu za miezi na miaka. Mtu atafutaye burudani atavifunga vitabu hivyo mapema. Lakini Wamisri walimwita Hurst Abu Nil, yaani Baba wa Naili, jina ambalo watu hawampi mgeni kwa urahisi.

Swali lililomshughulisha lilikuwa jepesi kulisema na zito kulijibu. Mto hujaa mwaka huu na kupungua mwaka ujao. Ukitaka kuwapa watu maji sawasawa kila mwaka, katika miaka ya neema na ya dhiki, wahitaji bwawa la ukubwa gani? Likiwa dogo, watu watakufa njaa siku moja. Likiwa kubwa kupita kiasi, umetupa fedha na kuzamisha ardhi bure.

Misri ilikuwa na hazina ambayo nchi nyingine hazina. Katika kisiwa cha Roda, pale Kairo, iko nguzo ya mawe ndani ya kisima, iliyochongwa alama za dhiraa, na maji ya mto huingia humo. Jengo lile lilijengwa mwaka 861 kwa amri ya khalifa al-Mutawakkil. Lakini kumbukumbu za kimo cha Naili mahali pale zinaanza mwaka 622. Watawala walizitunza kwa sababu ya kodi: maji yakifika dhiraa 16 mavuno hutarajiwa kuwa mema, na kodi hutozwa, yakipungua, mkulima hana cha kutoa. Nia yao haikuwa sayansi, bali daftari liliandikwa. Na kwa kuwa liliandikwa, mtu wa karne ya 20 aliweza kulifungua na kulihoji.

Hurst alilihoji. Tena hakutosheka na Naili. Alikusanya kumbukumbu za mito mingine, mvua, baridi na joto, pete za miti, tabaka za matope ya ziwa, hata bei za ngano. Alirusha sarafu na kuchanganya karata ili aone bahati tupu hufanyaje kazi. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 71, alitangaza alichokiona. Kama miaka ingekuja kama sarafu inavyoanguka, kila mwaka bila kujali uliotangulia, basi ukizidisha muda wa hesabu mara nne, ukubwa wa bwawa ungeongezeka mara mbili tu. Katika kumbukumbu za dunia yenyewe haikuwa hivyo. Bwawa liliongezeka kwa wastani yapata mara 2.75. Maana yake ni hii: maumbile hayachezi kama sarafu. Miaka ya maji huelekea kufuatana na miaka ya maji, na miaka ya ukame kuandamana na miaka ya ukame, wala hakuna kipindi maalumu kinachokuambia lini hali itageuka.

Wanahesabu waliposoma jambo hilo walishangaa, na wengine walilikataa. Katika miaka ya 1960 Benoit Mandelbrot alilichukua, akalijengea hesabu mpya, akaipa tarakimu yake herufi H kwa heshima ya Hurst. Leo hutumika katika elimu nyingi ambazo hazina hata tone la maji. Tabia yenyewe Mandelbrot aliipa jina la Yusufu, kwa ajili ya ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Nataka ukumbuke jambo hili vyema: ugunduzi huo haukutokana na mashine kubwa. Ulitokana na madaftari ya watu wengi wasiojulikana majina, waliokwenda mtoni kila siku, na akili ya mtu mmoja aliyewaamini.

Sasa tuje nyumbani. Ugonjwa mmoja umeshika vichwa vya watu wengi wapangao mambo ya maji, nao ni kuabudu wastani. Hujumlisha mvua ya miaka michache, wakaigawanya, wakasema: "Eneo hili hupata kiasi hiki," kana kwamba mawingu yametia sahihi mkataba. Lakini mtu aliyelala njaa siku sita, kisha siku ya saba akawekewa kuku saba, amepata kwa wastani kuku mmoja kwa siku. Nawe ukimtazama utajua kwamba hesabu ni sahihi na mtu ni mgonjwa. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa na watoto wakadhoofika. Kisha katika mvua ndefu za mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 280 nchini. Ukijumlisha dhiki hizo mbili na kuzigawanya, wastani waweza kutoka mzuri. Wafu hawagawanyiki.

Tazama pia Ziwa Viktoria. Kimo chake kimeandikwa tangu mwaka 1896. Kwa zaidi ya miaka 60 lilipanda na kushuka kidogo, watu wakadhani wanaijua tabia yake. Kisha kati ya mwisho wa 1961 na Mei 1964 lilipanda yapata meta mbili na nusu. Gati zilifunikwa, na mashamba pia. Na kwa miaka mingi baadaye maji yatokayo Jinja yalikuwa mengi zaidi sana kuliko ya miaka ya nyuma. Aliyefanya hesabu zake kwa wastani wa zamani alikuwa amejenga juu ya mchanga. Mei 2020 ziwa lilifika meta 13.42 kwa kipimo cha Jinja, wakati kilele cha mwaka 1964 kilikuwa meta 13.41. Tofauti ni sentimeta moja. Nani angeweza kusema kwamba rekodi imevunjwa, kama mtu wa mwaka 1964 hangeandika?

Na jambo la daftari si la mafuriko peke yake. Ni la haki. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme juu ya Naili, matawi yake na maziwa yake, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, isifanywe bila ya ridhaa ya Misri ikiwa itapunguza maji yake. Kenya, Uganda na Tanganyika zilisemewa, hazikusema. Mwaka 1946 Hurst na wenzake walitoa mpango wa kuhifadhi maji ya miaka 100, na katika mpango huo Ziwa Viktoria na Ziwa Albert yalihesabiwa kuwa matangi ya kuweka akiba. Mpango haukutungwa na watu wa Kisumu, Mwanza au Entebbe. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, Misri ilikuwa imechangia gharama, na wahandisi wake waliwekwa hapo kuangalia maji yatokayo. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziliketi zikagawana Naili: meta za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, bilioni 10 zikihesabiwa kupotea, Misri ikapewa bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5. Jumlisha mwenyewe. Hakuna kilichobaki kwa nchi ambazo mvua yake huujaza mto.

Wengi wetu husoma habari hizi kwa hasira, na hasira ina haki yake. Lakini simchukii Hurst, wala simlaumu Mmisri kwa kuupenda mto ambao bila huo hana shamba. Hurst aliitumikia serikali iliyomwajiri, akaitumikia vyema. Lililo la kutuuma ni jingine. Dola za wakati ule zilikuwa na nguvu, ndiyo. Lakini Misri ilikuja mezani ikiwa pia na daftari la miaka 1,300, nasi tulikuwa na kumbukumbu chache zilizoandikwa na watawala wetu. Mwaka 1962 Tanganyika iliyokuwa huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano ya 1929. Mwaka 2010 Kenya ilitia sahihi mkataba mpya wa bonde la Naili pamoja na nchi nyingine za juu ya mto, na mkataba huo ukaanza kuwa na nguvu Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje yake. Haya yote ni mema. Lakini uhuru wa kusema haukupi la kusema. Siku watakapotuuliza ni maji kiasi gani hutoka Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, katika mwaka wa neema na katika mwaka wa njaa, hatutaweza kujibu kwa wimbo wa taifa.

Nawajua wapinzani wa hoja hii, na yafaa niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema kwamba kusoma ubao mtoni ni kibarua cha mtu asiye na elimu. Huyu hajui nyumba husimama juu ya nini. Mhandisi aliye ofisini Nairobi huchora daraja kwa tarakimu za msomaji yule wa ukingoni. Zikiwa za uongo, hesabu zote zilizojengwa juu yake ni uongo uliovikwa nguo nzuri. Ikiwa ujira wake ni mdogo na hakuna amshukuruye, aibu si yake, ni yetu.

Wa pili husema kwamba setilaiti zimekwisha kuimaliza kazi hii. Setilaiti ni msaada mkubwa. Tangu miaka ya 1990 zimepima vimo vya maziwa makubwa kutoka angani. Lakini hata ile iitwayo SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 mahususi kwa maji ya dunia, ilikusudiwa mito yenye upana wa meta 100 na zaidi. Mito yetu mingi ni myembamba kuliko hapo, nayo huua watu vilevile. Tena chombo cha angani hakina budi kusahihishwa kwa kipimo cha ardhini. Asiye na kipimo cha ardhini atapokea aambiwalo.

Wa tatu husema kwamba hali ya hewa ya dunia imebadilika, hivyo kumbukumbu za zamani hazifai. Kama hazipo, wajuaje kwamba imebadilika, na kwa kiasi gani? Mgonjwa ambaye homa yake haikupimwa jana hawezi kuambiwa leo kwamba homa imepanda.

Wa nne husema kwamba mvua ni riziki ya Mungu, na mwanadamu hana la kuhesabu. Nami namwuliza: Je, Yusufu hakuwa mcha Mungu? Alipojua kwamba miaka ya njaa itaandamana, hakukaa akingoja. Alijenga ghala, akapima nafaka, akaweka akiba. Katika miaka ya 1980 Naili ilipungua mwaka baada ya mwaka, na njaa kubwa ikaipiga Ethiopia mwaka 1984 na 1985. Misri ilinusurika kwa maji yaliyowekwa akiba nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, ambayo yalipungua sana hata mvua zikarudi mwaka 1988. Riziki hutoka kwa Mungu. Ghala hujengwa na mja.

Wa mwisho husema kwamba nchi haina fedha. Ubao, chombo cha rafadha na mshahara wa mtu mwaminifu havilingani na bei ya daraja moja lililochukuliwa na maji. Palipo na kituo kama cha Rwambwa, katika Nzoia ya chini, kimo kikipanda, watu wa Budalang'i waweza kuonywa wakahama na watoto wao na mifugo yao. Pasipo na kituo, onyo la kwanza ni maji yenyewe mlangoni.

Kijana msomaji, huenda umekwisha kuchagua kuwa mwanasheria au daktari, nami siwachukii hao. Lakini ikiwa wapenda hesabu, fizikia na jiografia, na huogopi tope wala upweke, hapa pana kazi ya maisha. Vyuo vikuu vyetu hufundisha uhandisi wa maji na elimu ya hali ya hewa. Kenya Water Institute iliyoko Nairobi huandaa mafundi. Na sheria ya mwaka 2016 imeikabidhi Mamlaka ya Rasilimali za Maji mito na maziwa ya nchi. Lakini usingoje cheti. Shule yako yaweza kuwa na kipimo cha mvua na daftari lake. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika sifuri siku isiyo na mvua, maana sifuri nayo ni habari, usibuni, na umalizapo masomo mkabidhi mdogo wako daftari hilo lisikatike.

Huenda ninyi mnaoandika leo msione faida yake. Walioandika Roda hawakuiona. Lakini siku moja atatokea mjukuu wa nchi hii, mwenye akili kama za Hurst na mapenzi ya mwana wa nyumbani, atakayetaka kujua mito ya Kenya ilikuwaje katika siku zetu. Akikuta kurasa tupu, atajua ni nani aliyempora, na si mgeni. Basi andikeni, ili mali ya nchi isipotee bila habari.